Jani, Kuvu na Duara Angavu: Kumbukumbu za Safari ya Siku Themanini

Siku ya 1

Tumeondoka kabla ya mapambazuko tukiwa watatu, nami nimepakata faili la vibali magotini, kwa kuwa huo ndio mzigo pekee ambao ukipotea safari nzima haina maana. Itifaki ya Nagoya, iliyopitishwa mwaka 2010 na kuanza kutumika mwaka 2014, inataka anayechuma jani kwa ajili ya uchunguzi wa kemikali apate kwanza ridhaa ya nchi lilikochumwa, na wakubaliane mapema jinsi faida itakavyogawanywa iwapo itapatikana. Wapo watafiti wanaolalamika kwamba makaratasi haya huchukua muda mrefu kuliko utafiti wenyewe. Mimi nimeyasubiri kwa miezi kadhaa na bado naona ni haki, kwa sababu kuvu aliyemo ndani ya jani anaweza kubebwa katika bahasha moja na asirudi tena kwa watu waliolitunza pori lake.

Tunachokifuata hakionekani kwa macho. Ndani ya jani lenye afya, katika nafasi zilizo baina ya seli, huishi kuvu wembamba kama nyuzi ambao hawasababishi ugonjwa wowote unaoonekana. Mjerumani Anton de Bary aliwaita endofiti mwaka 1866, yaani wakaao ndani ya mmea, na tangu hapo karibu kila mmea uliochunguzwa kwa makini umekutwa nao. Nafasi hiyo ni finyu na chakula chake ni haba, hivyo kuvu anayetaka kubaki humo hana budi kujihami dhidi ya bakteria na kuvu wengine wanaopenya kupitia majeraha na vitundu vya kupumulia vya jani. Silaha zake ni kemikali, na hizo ndizo tunazozitaka, tukitumaini kupata humo dawa mpya za kuua bakteria. Haja ipo, tena kubwa: ilikadiriwa kwamba mwaka 2019 pekee watu milioni 1.27 duniani walikufa kwa sababu ya moja kwa moja ya bakteria waliokuwa sugu kwa dawa.

Tumefika kambini jioni, tumehesabu bahasha, wembe, spiriti na vipande vya barafu, kisha tumelala.

Siku ya 2

Asubuhi tumeingia msituni tukiongozwa na mzee anayeyafahamu mapito yote. Swali la kwanza alilotuuliza ndilo swali ambalo kila mtafiti wa fani hii huulizwa: kati ya mimea yote hii, mnachagua upi na kwa nini? Nimemweleza kwamba tunatafuta mmea unaotumika kama dawa, au unaoota mahali pagumu, au ambao hauna ndugu wengi kwingineko, kwa sababu mmea wa pekee huenda ukawa na wapangaji wa pekee. Amenisikiliza hadi mwisho, kisha akatupeleka kwenye kichaka kimoja kilichozungukwa na mimea iliyotobolewa na wadudu hadi ikabaki mishipa mitupu.

“Mwanangu, angalia hiki,” amesema akilipindua jani kwa kidole. “Jirani zake wote wameliwa, chenyewe hakina hata tundu.”

Ni kweli. Majani yake yalikuwa mazima, mazito, yanayong'aa kwa juu na yenye vumbi la kijivu kwa chini. Nimekiri moyoni kwamba uchunguzi huo wa mzee una uzito kuliko orodha niliyokuja nayo. Jani lisiloliwa linaweza kuwa na uchungu wake lenyewe, lakini linaweza pia kuwa linalindwa na mpangaji aliyemo ndani. Katika baadhi ya nyasi jambo hilo linajulikana vizuri: kuvu wa jenasi ya Epichloë hutengeneza sumu zinazowafukuza wadudu, na baadhi ya sumu hizo huwatetemesha hata ng'ombe na kondoo.

Tumechuma majani makongwe kuliko machanga, na hili halikuwa bahati nasibu. Kuvu wa nyasi nilizozitaja hurithishwa kupitia mbegu, lakini katika miti na vichaka vya nchi za joto sehemu kubwa ya endofiti hufika kutoka nje, spora zao, yaani chembe zao za uzazi, zikibebwa na upepo na matone ya mvua, kwa hiyo jani changa huanza likiwa karibu tupu na kujaa wapangaji kadiri linavyozeeka. Kila jani limeingia katika bahasha yake ya karatasi, wala si mfuko wa plastiki, kwa kuwa plastiki hutunza jasho la jani na kulivundisha kabla halijafika maabara. Mwenzangu wa mimea amebana matawi mawili ya kila mmea katikati ya magazeti ili baadaye pasiwe na ubishi kuhusu jina lake.

Siku ya 3

Mvua imenyesha tangu alfajiri. Tumetoka hadi ukingo wa msitu, kwenye uwanda mkavu, tukachuma majani ya mwarobaini, ambao nilikuwa nimeuwekea matumaini kwa sababu maalumu: kutoka kwa kuvu wa jenasi ya Chloridium aliyekuwa akiishi ndani ya mwarobaini, watafiti walipata kiambata kinachoitwa javanisini chenye uwezo wa kuwazuia bakteria, wakiwemo wa jenasi ya Pseudomonas ambao ni wakaidi kupindukia. Wakati wa kurudi nimeng'oa majani machache ya mtambaazi mmoja uliokuwa umejifunga kwenye kisiki, ili tu nafasi iliyobaki katika sanduku la barafu isiende bure.

Siku ya 4

Tumerudi saa tisa alasiri na nimeingia maabara moja kwa moja, kwa maana jani lililokatwa hufa taratibu, na likishaanza kufa kuvu waozeshaji hulivamia na kuwafunika wale tunaowatafuta. Nimejiwekea kikomo cha saa 48.

Kazi ya usiku huu ndiyo msingi wa kila kitu kitakachofuata. Juu ya jani kuna maelfu ya spora na bakteria walioangukia hapo na vumbi, na nikiwaacha hao, kila kuvu nitakayemwotesha atakuwa mgeni wa njiani, hata nimwite endofiti mara mia. Kwa hiyo jani huoshwa kwa maji ya bomba, kisha hutumbukizwa katika ethanoli ya asilimia 70 kwa dakika moja, halafu katika mmumunyo wa sodiamu haipokloraiti, ambao sisi huuita klorini, kwa dakika tatu, halafu katika ethanoli tena kwa nusu dakika, na mwishowe husuuzwa mara tatu kwa maji yaliyochemshwa kwa mvuke wa shinikizo. Ukizidisha muda, klorini hupenya na kuwaua hata walio ndani. Ukipunguza, walio nje hubaki hai. Jani jembamba la mtambaazi nimelipa dakika mbili tu za klorini, na lile zito la kichakani dakika nne.

Kisha nimekata kwa wembe uliochomwa motoni, ndani ya kabati la hewa safi, vipande vya mraba vya nusu sentimita, nikavilaza vitano vitano katika sahani juu ya agari ya viazi, rojo la kuoteshea, iliyochanganywa na kloramfenikoli, dawa ya kuua bakteria, ili bakteria wasinitangulie. Jumla ni vipande 120 katika sahani 24. Kwa kila mkupuo nimetenga sahani moja ya ushahidi, ambayo haina jani lolote bali matone ya maji ya msuuzo wa mwisho. Sahani hiyo ikibaki safi, naweza kusema kwa kinywa kipana kwamba kilichoota kimetoka ndani.

Siku ya 6

Hakuna kitu. Vipande vimekaa kama vilivyowekwa.

Siku ya 8

Sahani ya ushahidi ya mkupuo wa tatu imeota. Nimeiona kabla sijaifungua, madoa matatu ya kijani yenye ukingo mweupe, na nimejua papo hapo kosa liko wapi: usiku ule, mkupuo wa tatu niliutumbukiza katika klorini kutoka chupa iliyokuwa imefunguliwa muda mrefu, kwa uvivu wa kufungua mpya. Klorini hupungua nguvu ikikaa wazi, na hilo nalifahamu tangu mwaka wa kwanza wa masomo.

Mkupuo wa tatu ndio uliokuwa wa mwarobaini. Katika sahani zake sita kulikuwa na nyuzi nzuri zilizoanza kuchomoza, na nimekaa nazo kwa muda nikijishawishi kwamba baadhi yake lazima ziwe za ndani. Pengine ndivyo, ila sina njia ya kuthibitisha. Nimezipeleka zote kwenye otoklevu, chungu cha mvuke wa shinikizo kinachoua kila kilicho hai, na majani ya akiba yalikuwa yameshapita saa 48 siku tatu zilizotangulia.

Siku ya 11

Sasa zinatoka. Ukiinamisha sahani mbele ya taa unaona jinsi nyuzi zinavyochomoza kwenye ukingo uliokatwa wa kipande, kamwe si katikati ya uso wa jani, na hiyo yenyewe ni dalili njema, kwa kuwa ukingo ndio mlango pekee uliofunguka baada ya uso kuuliwa. Nyingine ni nyeupe kama pamba iliyochambuliwa, nyingine za kijivu zilizolala chini, na mojawapo ya kipande cha kichakani ina rangi ya chungwa iliyopauka.

Kutoka kila ukingo nimekata ncha ya uzi mmoja kwa sindano chini ya hadubini na kuihamishia kwenye sahani mpya. Ni kazi inayochosha shingo, lakini ukichukua rundo badala ya ncha unabeba kuvu wawili au watatu kwa pamoja, na wiki sita baadaye hutajua ni yupi aliyetengeneza nini.

Siku ya 19

Nimebaki na kuvu 31, na baada ya kuwaondoa wanaofanana nimebakiza 14. Nusu yao hawajatoa spora hata moja, na kuvu asiye na spora ni kama mtu asiye na uso: hadubini haina la kusema juu yake. Hapo ndipo vinasaba vinapotumika. Tangu mwaka 2012 kipande cha vinasaba kiitwacho ITS kimekubaliwa rasmi kuwa alama ya kuwatambulisha kuvu, na nimetuma sampuli za wote 14 zikasomwe.

Kabla ya hapo nimefanya jambo ambalo wengi huliahirisha na kujuta. Kila kuvu nimemgandisha katika gliseroli kwa nyuzi 80 chini ya sifuri, akiwa bado mchanga. Endofiti anayehamishwa sahani hadi sahani, mbali na mmea wake, mara nyingi hupunguza kutengeneza kemikali zake na pengine huacha kabisa.

Siku ya 22

Nimewapanda wote 14 kwenye wali mtupu uliochemshwa kwa mvuke ndani ya chupa, pamoja na chupa moja ya wali usiopandwa kitu kwa ajili ya ulinganisho. Watakaa siku 21 kwa nyuzi 25. Mgeni aliyepita maabara ameniuliza kwa nini muda mrefu hivyo ilhali siku ya saba chupa zote huwa zimeshajaa. Ni kwa sababu tunachokitaka hakitengenezwi wakati wa shibe; kuvu huanza kumwaga silaha zake chakula kinapopungua na majirani wanapogeuka kuwa washindani.

Majibu ya vinasaba yamefika wakati wa kusubiri. Kuvu wa rangi ya chungwa wa kichakani, niliyempa namba 3, ni wa jenasi ya Colletotrichum. Namba 11, wa mtambaazi, amekaribiana na jamii ya Xylaria, lakini hakuna spishi aliyofanana nayo vya kutosha kupewa jina lake.

Siku ya 43

Siku ya kumimina ethili asetati, kiyeyushi cha kuzitoa kemikali za kuvu kwenye wali. Nimevunjavunja wali ulioshikamana na nyuzi, nikauloweka usiku kucha, nikachuja na kukausha kimiminika katika mashine ya mzunguko kwa nyuzi 40, kwani hewa ikipunguzwa kiyeyushi huondoka bila kuhitaji kufikishwa kwenye nyuzi 77 ambazo zingeweza kuiharibu kemikali yenyewe. Kilichobaki ukutani mwa chupa ni dondoo: mara kahawia, mara nyekundu iliyoiva, na ya namba 3 ilikuwa ya manjano yenye utelezi wa mafuta. Utelezi huo niliuona na niliuandika daftarini. Nautaja hapa kwa sababu nitaurudia.

Siku ya 46

Jana nimeandaa bakteria wa kujaribia, Staphylococcus aureus na Escherichia coli, wote wawili wenye uwezo wa kuwaambukiza watu. Nimewakoroga katika maji ya chumvi hadi ukungu wao ulipolingana na kipimo cha McFarland cha 0.5, ambacho ni sawa na takriban seli milioni 150 kwa kila mililita, kisha nikawapaka kwa pamba ya kijiti juu ya agari ya Mueller-Hinton katika pande tatu, ili wasiache upenyo. Juu yake nimepanga visahani vya karatasi vya milimita 6 vilivyonyweshwa dondoo na kukaushwa, pamoja na kimoja cha kloramfenikoli, kimoja cha kiyeyushi kitupu na kimoja cha dondoo ya wali usiopandwa. Nimeziacha kwenye inkubeta kwa saa 18.

Leo asubuhi nimefungua mlango wa inkubeta polepole kuliko inavyohitajika. Zulia la Staphylococcus aureus lilikuwa limetanda, la rangi ya maziwa yaliyoganda, na kuzunguka kisahani cha namba 3 palikuwa na duara angavu, mahali ambapo bakteria wameshindwa kuota, lenye ukingo mkali kana kwamba limekatwa kwa bikari. Nimeliweka juu ya kitambaa cheusi na kulipima mara tatu: milimita 17. Wali mtupu haukuwa na duara, wala kiyeyushi. Kwenye sahani ya Escherichia coli namba 3 hakufanya lolote, jambo ambalo halikunishangaza, kwa sababu bakteria wa kundi hilo wana utando wa ziada kwa nje ambao huzikataa kemikali nyingi mlangoni.

Namba 11 alikuwa na duara la milimita 9 kwenye sahani zote mbili. Nimeliandika kwa mstari mmoja na kuendelea.

Siku ya 58

Wiki mbili zimeishia kwenye namba 3. Nimepitisha dondoo yake kwenye mnara wa silika, unga unaotenganisha kemikali zilizochanganyika, nikianza na heksani na kuongeza ethili asetati kidogo kidogo, nikapata mafungu 18, na kila fungu likarudishwa kwa bakteria ili wao wenyewe waseme ni lipi lenye nguvu. Fungu la 6 na la 7 ndiyo yaliyozuia. Mengine yalikuwa kimya.

Katika siku hizi nimekuwa nikikumbuka habari ya guanakastepene, kiambata kilichotoka kwa kuvu wa ndani ya mti wa Daphnopsis americana huko Guanacaste, Kosta Rika, na kutangazwa mwaka 2000. Kilimzuia Staphylococcus aureus aliyekuwa sugu kwa dawa nyingi, na wanakemia wakashindana kukiunda upya maabara, hadi ilipoonekana kwamba kinapasua pia chembe nyekundu za damu. Kuua bakteria si kazi ngumu. Hata sabuni inaua. Ugumu upo katika kumuua bakteria na kumwacha mgonjwa.

Siku ya 71

Nimepeleka fungu la 6 kwenye mashine ya kupima uzito wa molekuli. Mhudumu wake ameangalia kilele kimoja kirefu kilichosimama kwenye 279, akacheka taratibu, akageuka.

“Ndugu yangu, namba hii naiona kila wiki. Hiyo ni asidi linoleiki.”

Uzito wake ni 280, na mashine ilikuwa imeinyang'anya protoni moja. Ni asidi ya mafuta ya kawaida kabisa, inayojulikana kwamba huvuruga utando wa Staphylococcus na kumwacha E. coli salama, na ni mojawapo ya mitego ya zamani katika utafutaji wa viuavijasumu. Lililoniuma zaidi ni chanzo chake. Wali wenyewe una mafuta yenye asidi hiyo, ikiwa imefungwa ndani ya molekuli kubwa zaidi. Inaelekea kwamba kuvu wangu aliyameng'enya mafuta hayo na kuiachia huru, ndiyo maana wali usiopandwa haukuonyesha duara lolote. Ulinganisho wangu ulikuwa sahihi na bado ulinidanganya. Utelezi wa siku ya 43 ulikuwa umeniambia yote haya, nami niliuandika kama pambo la maelezo.

Siku ya 74

Nimemrudia namba 11. Duara la kisahani hupima mambo mawili kwa pamoja, nguvu ya kemikali na wepesi wake wa kusambaa ndani ya agari, hivyo kemikali kali iliyo nzito au isiyopenda maji hutoa duara dogo na kudharauliwa na mtu mwenye haraka. Nilipaswa pia kujiuliza mapema zaidi jinsi duara dogo lilivyoweza kutokea kwa E. coli, ambaye asidi za mafuta hazimsumbui.

Safari hii nimetumia sahani yenye vishimo 96, nikipunguza dondoo kwa nusu kutoka kishimo hadi kishimo, kuanzia maikrogramu 512 kwa mililita hadi 1, na asubuhi nikadondosha resazurini, rangi ya buluu inayogeuka waridi palipo na bakteria hai.

Siku ya 75

Safu ya namba 3 kwa E. coli imegeuka waridi yote. Safu ya namba 11 imebaki buluu hadi kishimo cha nne, ambacho ni maikrogramu 64, kwa Staphylococcus na kwa E. coli vilevile. Kwa dondoo chafu yenye mamia ya viambata, si namba ya kupigia vigelegele, ila ni namba inayostahili kufuatiliwa. Tone la dondoo hiyohiyo nimeliweka katika damu iliyopunguzwa kwa maji ya chumvi. Baada ya saa moja chembe zilikuwa zimetua chini, na maji ya juu hayakuwa na wekundu.

Siku ya 80

Nimemtoa namba 11 wa asili kutoka kwenye friza, wala si yule aliyehamishwa sahani nne, na nimempanda katika aina tatu za chakula, kwa sababu kuvu mmoja hutengeneza vitu tofauti kulingana na anacholishwa: wali, ili nilinganishe na awali, mchuzi wa viazi usio na mafuta, na mchuzi huohuo uliotiwa unga wa majani ya mtambaazi yaliyokuwa yamebaki kwenye bahasha. Kila kundi lina chupa yake ya ulinganisho, na safari hii nimeongeza moja iliyotiwa kimeng'enya cha kuvunja mafuta. Mwenzangu wa mimea ameniambia kwamba mtambaazi ule bado hajaupatia jina, kwa kuwa tawi alilolibana siku ile ya mvua halikuwa na ua. Tumekubaliana kumpigia mzee simu kumuuliza msimu wake wa kuchanua.